Nguzo Zenye Nyuso

Na Mwekahazina wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kila mwaka kurasa hizi hufurika methali, vitendawili na visa vya "Siku Sitakayoisahau". Si vibaya. Lakini safari hii nimeonelea niwaletee habari za nguzo. Naam, nguzo! Msifunue ukurasa unaofuata kabla hamjanisikiliza.

Hebu zitazameni nguzo za veranda ya bwalo letu. Ni vigogo vya mkalitusi vilivyopakwa rangi, na kazi yake ni kushikilia mabati ili mvua ya Kibirichia isitulowanishe tukingojea githeri. Hakuna anayezisalimu. Anayezikumbuka ni yule tu anayetaka pa kuegemea. Sasa wewe fikiria kila nguzo ingekuwa na macho, pua, mdomo na nywele zilizosukwa, nayo inakutazama unavyopigania foleni. Ungeegemea kweli?

Wako watu waliojenga hivyo hasa. Katika mji wa Athens, nchini Ugiriki, juu ya kilima cha Akropoli, kuna hekalu liitwalo Erechtheion lililojengwa kati ya miaka ya 421 na 406 kabla ya Kristo. Upande wake wa kusini kuna kibaraza kidogo, na paa la kibaraza hicho halikuwekewa nguzo za kawaida. Limebebwa na wasichana sita wa marumaru, wanne mbele na wawili nyuma yao pembeni, kila mmoja akiwa na urefu wa mita 2.3 hivi. Paa lenyewe ni la mawe matupu, si mabati wala nyasi. Nguzo za namna hii mafundi wa majengo duniani huziita karyatidi.

Nilipata picha yao katika kitabu kimoja cha maktaba, nikaichora daftarini, na wakati wa likizo nikamwonyesha nyanya yangu. Nyanya hajaenda shule, ila katika mambo ya kubeba mizigo yeye ni profesa. Tangu utotoni amebeba kuni kutoka msituni, maji kutoka mtoni na waru kutoka shambani, na kipajini pake pana mfereji uliochimbwa na kamba. Ukipitisha kidole utausikia. Aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu aliyemchonga aliwahi kumtazama mtu mwenye mzigo. Ona goti hili limelegea. Mtu akisimama kupumua bila kutua mzigo, husimama hivi."

Nilistaajabu. Wataalamu wamejaza vitabu wakilieleza goti hilo, na nyanya alilimaliza kwa maneno mawili matatu! Kwa hakika kila msichana wa Erechtheion ameuegemeza uzito wake kwenye mguu mmoja na kuulegeza wa pili. Mguu uliobeba umefunikwa na mikunjo ya nguo inayoshuka wima, mithili ya ile mifereji iliyochongwa kwenye nguzo za kawaida za Wagiriki. Kwa hiyo ukimtazama upesi waona nguzo, ukimtazama taratibu waona binti. Watatu wa upande mmoja wamesimama kwa mguu wa kulia, na watatu wa upande wa pili kwa mguu wa kushoto, hivi kwamba miguu iliyokaza iko upande wa nje na kibaraza kizima kinaonekana kimejishika sawasawa.

Hapo naomba ruhusa ya walimu wa Fizikia niingie shambani mwao kidogo. Jiwe lina tabia ambayo kila fundi wa hapa kwetu anaijua hata bila kusoma kitabu: ukiligandamiza, linastahimili, ukilipinda au kulivuta, linakatika. Nguzo ya kawaida ni sawa toka juu hadi chini, kwa hiyo uzito unateremka moja kwa moja hadi ardhini bila kupata taabu njiani. Mwili wa binadamu sivyo ulivyo. Una kichwa, halafu ghafla shingo nyembamba, halafu mabega mapana. Uzito wote wa paa ukifika shingoni unakuta njia imekuwa finyu, na hapo ndipo jiwe lingepasuka. Basi mchongaji angefanyaje? Angemnenepesha binti shingo kama ya fahali? La hasha! Aliwapa nywele. Kila mmoja ana nywele nene zilizosukwa zikashuka nyuma ya shingo hadi mgongoni. Ukisimama mbele yake waona shingo ya msichana. Ukizunguka nyuma wakuta gogo la jiwe. Sisi tunasuka kwa ajili ya sherehe, wao wamesukwa ili paa lisianguke.

Juu ya kichwa, kati ya nywele na paa, mna kitu cha duara kama mto. Ndugu zetu wa Pwani wangekitambua mara moja: hiyo ni ngata. Mwanamke akitaka kujitwika mtungi huzungusha kitambaa au majani, akaweka kichwani, kisha mtungi. Ngata hutandaza uzito usichome mahali pamoja. Ya Athens ni ya jiwe lakini kazi ni ile ile. Na fauka ya hayo, mafundi waliupunguza mzigo wenyewe: waliacha mkanda mzima wa mawe ambao kwa kawaida hukaa kati ya boriti na paa katika majengo ya namna ile.

Nyanya alikuwa na swali jingine. "Kamba yao iko wapi?" Nikamweleza kuwa wamejitwika kichwani. Akatikisa kichwa kwa kuwahurumia, kana kwamba wamekosa kufundishwa. Si mnajua sisi wa mlimani hubeba mgongoni, kamba ikipita kipajini? Mzigo wa kichwani hushuka wima kupitia uti wa mgongo. Wa mgongoni humlazimu mtu kuinama mbele, nayo shingo huvuta kinyume mchana kutwa. Kwa lugha ya mafundi, mwanamke wa Mombasa akijitwika ni nguzo, na mwanamke wa Kibirichia ni boriti. Boriti huchoka mapema kuliko nguzo, muulizeni yeyote aliyejenga.

Sasa tuje kwenye jambo linalonikereketa. Kwa nini wasichana? Nani aliwatwika lile paa?

Mrumi mmoja, Vitruvius, aliyeandika vitabu kumi juu ya ujenzi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, ana kisa chake. Anasema mji wa Karyai ulijiunga na Waajemi dhidi ya Wagiriki wenzao. Wagiriki waliposhinda, waliwaua wanaume wa mji ule, wakawachukua wanawake utumwani, wala hawakuwaruhusu kuvua mavazi yao ya heshima, ili aibu ionekane zaidi. Kisha mafundi wakawachonga wakiwa wamebeba mizigo ya majengo, wabaki na adhabu hiyo milele. Na jina karyatidi, kwa maelezo yake, latokana na mji huo.

Kisa kimepangika, si haba, na vitabu vingi vimekinakili. Mimi sikisadiki, na sababu ninazo. Kwanza, huko Delphi palikuwa na jengo la hazina lililojengwa na watu wa kisiwa cha Siphnos mnamo mwaka wa 525 kabla ya Kristo, nalo tayari lilikuwa na wanawake wa mawe badala ya nguzo mbili za mlangoni. Jeshi kubwa la Xerxes, mfalme wa Uajemi, liliivamia Ugiriki mwaka wa 480. Tangu lini adhabu ikaja miaka arobaini na mitano kabla ya kosa? Pili, hesabu za ujenzi wa Erechtheion zilichongwa juu ya mawe na baadhi yake zimesalia. Mle ndani watu hawa wanaitwa "wasichana" tu, bila kutajwa utumwa wala Karyai. Tatu, mikono ya wasichana wale ilivunjika zamani, lakini Warumi walikuwa wamewanakili. Nakala zilizochimbuliwa katika kasri la mfalme Hadrian, karibu na Roma, zaonyesha kuwa mkono mmoja ulishika bakuli la kumiminia tambiko. Mfungwa wa vita hapewi bakuli la ibada! Nne, Vitruvius aliandika karibu miaka mia nne baada ya jengo kukamilika. Ni sawa na mtu wa leo akueleze kwa yakini walichokuwa wakiwaza mafundi wa Fort Jesus.

Maoni yangu ni kuwa wale walikuwa watumishi wa heshima katika ibada. Lakini hebu tazameni jinsi kisa cha aibu kilivyopendwa. Mtu akimwona mwanamke aliyebeba mzigo mkubwa, upesi humtafutia kosa alilotenda.

Wanaume je? Wapo, na ukiwaona utacheka. Wagiriki waliwaita kwa jina la Atlas, yule jitu ambaye katika ngano zao aliadhibiwa na mungu Zeus abebe mbingu. Katika mji wa Agrigento, kisiwani Sisilia, hekalu la Zeus lilikuwa na majitu ya mawe yenye urefu wa zaidi ya mita 7, mikono imekunjwa nyuma ya kichwa, misuli imewatoka, kila kiungo kinalalamika. Wasichana wa Athens hata mikono hawakuinua. Nawaachia nyinyi mwamue.

Na mjini London kuna kanisa la St Pancras, lililojengwa kati ya 1819 na 1822, ambalo waliiga kibaraza cha Athens kwa kuweka mabinti wanane. Hao ni wa udongo wa kuchoma, na ndani yao mmefichwa nguzo za chuma. Chuma ndicho kibebacho, binti ni vazi tu. Huko nisiwacheleweshe.

Tuvuke badala yake Ziwa Tanganyika, tuingie mashariki mwa Kongo, kwa Waluba na majirani zao Wahemba. Hawa ni Wabantu kama sisi, na nchi yao ni ya Kiswahili vilevile. Mtu wa Kalemie na mimi tungeelewana sokoni. Wao hawakujenga mahekalu ya mawe. Walichonga viti. Kiti cha mfalme wa Kiluba, lupona, ni kigoda cha mti mmoja, kimo chake mara nyingi nusu mita na zaidi kidogo. Chini pana duara, juu pana duara la kukalia, na katikati, badala ya miguu mitatu tuliyoizoea, yupo mwanamke. Amepiga magoti au amesimama, kichwa chake kimegusa kiti, na mikono miwili imeinuliwa kandokando, ncha za vidole zikikishikilia. Kifuani na tumboni ana chale zilizochanjwa kwa mpangilio, na nywele za nyuma zimetengenezwa kwa ufundi mkubwa. Macho amefumba nusu. Haonyeshi kulemewa.

Kumbukeni kuwa hakuna kilichogundishwa hapo. Fundi alitwaa kipande cha gogo na tezo lake, akaondoa mti wote ambao si mwanamke na si kiti. Akikosea kwenye kidole, amekosa kiti kizima.

Mashuhuri kuliko wachongaji wote wa viti hivyo ni mmoja wa karne ya 19 ambaye wataalamu walimwita Fundi wa Buli, kwa kuwa kazi zake za kwanza kujulikana Ulaya zilipatikana katika kijiji cha Buli. Mbelgiji Frans Olbrechts ndiye aliyezitazama kazi mbalimbali zilizotawanyika, akagundua kuwa zimetoka mkono mmoja au karakana moja: nyuso ndefu, mashavu yaliyobonyea, mikono mikubwa kupita kiasi. Miaka mingi hakuwa na jina. Baadaye, katika miaka ya 1970, watu wa kijiji cha Kateba walimtaja fundi wao wa kale, Ngongo ya Chintu, na sasa wengi wanaamini ndiye. Kimoja cha viti vyake kiko katika jumba la Metropolitan mjini New York. Wachongaji wa Afrika wa wakati ule wanaojulikana kwa majina yao ni wachache mno, si kwa sababu hawakuwa na majina, bali walionunua hawakuuliza.

Nyuso za mwanamke wa Buli si za msichana kama wa Athens. Ni mtu mzima. Amechoka kidogo, na amekubali. Nilipomwonyesha nyanya picha hii hakusema neno juu ya goti wala kamba. Aliuliza, "Na anayeketi hapo juu ni nani?"

Swali hilo lilinipeleka maktaba tena. Na jibu ndilo lililonifanya niandike makala haya: karibu hakuna. Kiti kile hakikuwa cha kuketia kila siku. Kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikatunzwa na mlinzi maalumu, hata katika kijiji kingine, kikatolewa siku chache kama ya kutawazwa. Ni kiti cha roho zaidi ya kiti cha mwili. Waluba waliamini kuwa mwili wa mwanamke pekee ndio wenye nguvu za kuhifadhi roho ya mfalme. Mfalme akifa, mwanamke mmoja aliyeitwa Mwadi alichukuliwa na roho yake, akaishi katika makao ya marehemu akiheshimiwa kama mfalme mwenyewe. Tena dada na mabinti wa wafalme waliolewa na watawala wa mbali, na kwa ndoa hizo dola iliunganishwa. Kwa hiyo mwanamke aliye chini ya kiti si mtumishi aliyekaliwa. Kiti kinaeleza kwa mti vile ufalme ulivyosimama: bila yeye mfalme yuko mchangani.

Nilimpelekea nyanya majibu. Akasema, "Basi huyo ana nafuu kunishinda mimi," akaendelea kumenya waru.

Muhula wa pili, kama mnavyokumbuka, chama chetu kilijadili hoja: "Mwanamke ni nguzo ya jamii." Watetezi walimwaga sifa mpaka wengine wakatoa machozi. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, nikasema nguzo haina likizo, nguzo haiulizwi kama imechoka, na mtu akikuita nguzo angalia kama naye yuko tayari kushika japo pembe moja ya paa. Wahenga walinena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dada mmoja wa Kidato cha Nne akainuka akanijibu, "Nguzo ikitoka mara moja, ndipo mtakapojua paa lilikuwa la nani." Ukumbi ulilipuka. Tulishindwa kwa kura nyingi, lakini nadhani yeye na mimi tulikuwa tukisema jambo moja.

Kwetu Kenya nguzo zenye sura za watu ziko Pwani. Wagiriama na Wamijikenda wengine husimamisha vigango: mbao ndefu za mti mgumu, zenye kichwa cha duara na mwili ulionakshiwa kwa pembetatu, bila miguu. Hazibebi paa lolote. Kigango huwekwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, na kikishasimamishwa hakifai kuhamishwa, maana kinaibeba amani ya ukoo. Ati kuna watu walioona hayo ni mapambo! Tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi vimeng'olewa usiku na kuuzwa, na mamia vikaishia katika majumba ya Marekani. Familia zilizoibiwa ziliona ukame, ugonjwa na mafarakano yote kuwa yanatokana na pengo lile. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: mwaka wa 2019 jumba la makumbusho la Denver lilirudisha vigango 30, na mwaka wa 2023 jumba la jimbo la Illinois likarudisha 37.

Wasichana wa Athens nao yaliwafika. Mwanzoni mwa karne ya 19 Lord Elgin, balozi wa Uingereza katika dola ya Waturuki waliotawala Ugiriki wakati huo, alimtoa mmoja wao kibarazani pamoja na sanamu nyingine nyingi, na mwaka wa 1816 serikali ya Uingereza ikazinunua. Yuko London hadi sasa. Dada zake watano walibaki wakiliwa na moshi wa magari na viwanda. Wanaosoma Kemia watakumbuka kuwa gesi ya salfa ikichanganyika na mvua huigeuza marumaru kuwa jasi, na jasi hupukutika. Mwaka wa 1979 waliteremshwa wakaingizwa ndani, na kibarazani zikawekwa nakala. Kwa hiyo ukienda Akropoli leo, wanaobeba paa ni wa bandia. Wenyewe wako katika jumba jipya lililofunguliwa mwaka wa 2009, wakisimama katika mpangilio ule ule wa kibaraza, na unaweza kuwazunguka hadi nyuma uone zile nywele. Wako watano. Mahali pa sita pameachwa wazi.

Michoro yangu ya binti wa Athens, kiti cha Buli na kigango nimeibandika kwenye ubao wa chama, karibu na mlango. Goti la binti ndilo nililorekebisha mara tatu, nyanya akisimamia.